Mume Mwenza wa Maabarani

Watu walipomuuliza baba mkewe anafanya kazi gani, alikuwa akijibu neno moja: "Analisha." Wakidhani ni kuku, au ng'ombe wa maziwa, aliwaacha wadhani hivyo mpaka waanze kuulizia mayai. Ndipo aliposema, bila kuinua macho kwenye cherehani, kwamba mkewe analisha kitu kidogo mno, hukioni kwa macho, kinakaa ndani ya kabati la joto, na kwa kula kinamshinda hata mtoto wake. Mtoto huyo alikuwa mimi.

Baba alikuwa fundi nguo. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho kilichokuwa duka lake: meza ndefu ya kukatia, cherehani ya miguu, pasi nzito iliyoacha alama ya pembetatu kwenye blanketi, na mabaki ya vitambaa yaliyojaa chini ya meza ambako nililala usingizi wa mchana nilipokuwa mdogo. Mama alikuwa fundi wa maabara katika taasisi ya utafiti wa magonjwa. Taasisi yenyewe ilikuwa nyumba ya chini tu, nyuma ya hospitali, yenye korido ndefu ya saruji iliyopakwa nta nyekundu, na milango ya mbao iliyopigwa rangi nyeupe mara nyingi hadi ikawa haifungi vizuri. Kazini walimwita Mama Joto, kwa sababu mtu akifungua mlango wa lile kabati akauacha wazi kidogo tu, aliisikia sauti yake kutoka popote alipo: "Joto, jamani, joto." Nyumbani baba alimwita mama watoto. Nilipomkumbusha kwamba mtoto niko mmoja, alisema ananihesabu mimi pamoja na wale wa kazini.

Nikifumba macho sasa, mama ninayemwona ni yule wa jioni, amerudi, ameketi kwenye kigoda jikoni akimenya vitunguu, mikono yake bado inanuka spiriti. Harufu ile haikutoka hata akioga. Nilizoea kulala nikiinusa kwenye mto wake, na hadi leo nikipita mlangoni mwa zahanati, moyo unanirudisha nyumbani kabla sijajua unakwenda wapi.

Hapo jikoni ndipo nilipomuuliza, nikiwa darasa la pili, anawalisha nani hasa.

"Chembe," alisema. "Seli. Zinatengeneza kitu kinaitwa kingamwili."

"Cha kufanyia nini?"

Alifikiri kidogo, kisha akakiweka kitunguu kwenye mafuta ya moto. Kikalia. "Subiri," akasema. Haikupita muda, jirani wa upande wa pili wa ukuta akaita, "Mama watoto, leo mnakula nini huko?"

Mama akacheka. "Umeona? Hakuambiwa na mtu. Kanusa. Sasa ukijikata kidole, pale penye kidonda mwili unatoa harufu yake. Si harufu ya puani, ni kemikali, wanaita kemokini. Kwenye damu yako kuna chembe nyeupe, ndizo walinzi. Zina kitu kama pua, kiko nje kabisa, juu ya ngozi yake. Kinaitwa kipokezi. Chembe ikinusa, inajua pa kwenda."

"Na kingamwili yako?"

"Inaikamata ile pua. Pua ya aina moja tu, nyingine haigusi. Tukiipaka rangi inayong'aa, tukaitia kwenye damu, kila chembe yenye pua ile inawaka. Isiyo nayo inabaki gizani. Basi ndiyo kazi yake, kutuonyesha nani anayo na nani hana."

Sikuelewa yote, lakini kwa siku kadhaa nilijitazama kidole nilichokuwa nimejikwaruza, nikiwawazia walinzi wangu wanavyokuja mbio wakinusanusa.

Hadithi ya jinsi mama alivyoipata kingamwili hiyo ilikuwa ya baba, naye aliisimulia vizuri kuliko mwenyewe. Mkuu wa maabara alikuwa daktari mrefu, mwembamba, aliyesema neno moja, akapumzika, ndipo likaja la pili. Walimwita Daktari Polepole, na yeye alilijua jina hilo wala hakulikasirikia. Alitaka kingamwili ya kukishika kipokezi kimoja ambacho wakati huo ilikuwa vigumu kukipatia kitu cha kukionyesha, maana kimejifichaficha, sehemu yake kubwa imezama ndani ya ngozi ya chembe na kinachotokeza nje ni vipande vidogo tu. Wakawachoma sindano panya weupe, wakachukua chembe za wengu wao, wakaziunganisha na chembe za saratani zisizojua kuzeeka. Zinazotokea hapo zina tabia za pande zote mbili: zinatengeneza kingamwili kama wengu, na zinaishi bila kuchoka kama saratani. Lakini kila moja inatengeneza ya kwake, na nyingi hazina maana. Kazi ya mama ilikuwa kuzitenga kwenye visahani vyenye vishimo vidogo, kuzilisha, na kupima maji ya kila kishimo, kimoja baada ya kingine.

Walifanya hivyo zaidi ya mwaka. Mara ya kwanza hakuna kilichoshika. Mara ya pili walichopata kilishika kila kitu, chenye kipokezi na kisicho nacho, jambo ambalo mama alisema ni baya kuliko kutoshika. Mara ya tatu ukungu uliingia kwenye visahani wakavitupa vyote. Daktari Polepole akasema, "Tujaribu," akapumzika, "mara moja tena."

"Siku hiyo," baba alikuwa akisema, "mama yako alirudi amevaa koti jeupe la kazini, mkoba kausahau, kitambaa cha kichwa kakisahau, na mguuni kiatu kimoja cha kazini na kingine cha nyumbani. Nikajua ama amefukuzwa, ama maabara imeungua. Nikamshika mkono nikamkalisha. Nikamwambia, sema tu, mke wangu, tutaishi kwa cherehani."

"Na akasema nini?" nilimuuliza kila mara, ingawa nililijua jibu.

"Akasema, kimewaka."

Kishimo kimoja kilikuwa kimewasha chembe zenye kipokezi na kuziacha zile zisizo nacho gizani. Taasisi ilikipa kizazi hicho cha chembe jina la herufi na tarakimu. Nyumbani baba alikipa jina lingine. Mama alianza kwenda kuzilisha siku za mapumziko, siku za mvua, hata siku ya harusi ya shemeji yake aliondoka katikati ya chakula akarudi sherehe zikiwa zinakwisha. Ndugu walipouliza bibi wa nyumba yuko wapi, baba alijibu kwa sauti ya mtu aliyekwisha kubali yaishe: "Mimi nina mume mwenza. Anakaa kwenye joto na anakula kwa zamu." Jina likashika. Tangu siku ile mama akichelewa kurudi tulijua yuko kwa Mume Mwenza.

Nilikuwa na miaka tisa au kumi pale Mume Mwenza alipokuja kulala kwetu.

Mambo yalianza na lile pipa kubwa la baridi kali walimohifadhi chembe zilizogandishwa. Lilikuwa limepata ufa usioonekana, nitrojeni iliyolipoza yote ikavuja, na walipolifungua wakakuta vichupa vyote vimeyeyuka, chembe zimekufa. Ilibaki chupa moja tu ya zile hai ndani ya kabati la joto. Mama alipanga kuzizidisha wiki ileile ili agandishe nyingine. Kabla hajafanya hivyo, lori likagonga nguzo ya umeme barabara ya hospitali. Ilikuwa siku ya mapumziko. Daktari Polepole alikuwa safarini. Jenereta ya hospitali ilitosha vyumba vya wagonjwa tu, na ile ya taasisi iliguna mara mbili ikanyamaza. Mlinzi akamfuata mama nyumbani kwa baiskeli.

Mama alikwenda. Aliporudi alikuwa anatembea kwa namna ya ajabu, mkono mmoja ameushikilia tumboni, kama mtu mwenye ujauzito au aliyeiba kitu. Alipita dukani bila kusalimia wateja, akaingia ndani. Baba akaacha kitambaa mezani akamfuata, na mimi nyuma yake.

Alikuwa ameifunga ile chupa tumboni kwa taulo, chini ya gauni. Ilikuwa chupa bapa, ndogo, mfuniko umekazwa, ndani yake maji mekundu yanayoelekea rangi ya chungwa.

"Ndiye huyu?" baba akauliza.

"Ndiye."

"Mpaka kitandani kwangu sasa."

"Baba watoto, usinichekeshe, nitamtikisa." Akaketi taratibu. "Joto wanalolitaka ni hilihili la mwili wa mtu. Si zaidi, si pungufu. Nikimweka kwenye maji ya moto nitamchemsha, nikimwacha mezani atapoa. Nitakaa naye hivi mpaka umeme urudi."

"Na ukitaka kupika? Ukitaka kuoga?"

Baba akafungua vifungo vya shati. "Lete," akasema.

Hivyo ndivyo tulivyoanza kupokezana. Baba alishona nguo za watu huku amejifunga Mume Mwenza chini ya fulana, akikanyaga cherehani polepole kuliko nilivyowahi kumwona. Mteja mmoja alimuuliza kama anaumwa tumbo, akajibu kwamba ana mgeni. Mimi nilipewa zamu nikiwa nimelala chali kwenye mkeka, nimekatazwa kucheka, na kwa sababu nilikatazwa nilicheka, mama akaniondolea.

Alasiri akaja bibi, mama yake baba, aliyekuwa anakaa mtaa wa nyuma. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye joto jingi, mwenyewe alisema hata kipupwe alilala bila shuka. Mama alimtazama, na nikaona anachowaza kabla hajasema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umejikunja hivyo, mkwe wangu? Ni yale ninayoyatarajia?"

"Siyo, mama. Ni kazi." Akamweleza. Bibi alisikiliza yote, akaipokea ile chupa, akaiweka kifuani ndani ya gauni lake pana, akajiegemeza kwenye kiti cha uvivu akafumba macho. Tulidhani amesinzia. Kisha akauliza, macho bado amefumba:

"Umesema humu ndani kuna nini?"

"Chembe, mama."

"Za nani?"

Mama alisita. Hakuwa mtu wa kusema uongo hata mdogo. "Nusu ni za panya."

"Na nusu?"

"Saratani. Ya panya vilevile."

Bibi akafumbua jicho moja. "Kwa hiyo umeniwekea saratani ya panya kifuani."

"Imefungwa, mama. Haiwezi kukudhuru."

"Sikusema nitaitoa. Nimeuliza ili nijue nimembeba nani." Akafumba tena jicho. Baada ya muda akasema, "Panya mwenyewe ametulia kuliko mwanangu alivyokuwa."

Alikaa nayo hadi jua likatua, akala chakula chake hapohapo kitini, na kila mara aliitoa kidogo kuichungulia. Mama alikuwa amemwambia kwamba maji yakiwa mekundu wana chakula, yakigeuka manjano wana njaa. Bibi alilishika jambo hilo kama amepewa mtoto mchanga. "Mkwe, yanapauka," aliita. "Mkwe, huyu ana njaa, mpe chochote." Mama akamwambia chakula chao kiko maabarani na hakiwezi kufunguliwa nyumbani, vumbi lingewaua. Bibi alisikitika kwa dhati.

Umeme ulirudi siku ya pili, mchana. Mama aliichukua chupa akaenda nayo mbio, na safari hii baba alifunga duka akamsindikiza hadi lango la taasisi, kwa kuwa alisema amembeba kwa zamu yake na ana haki ya kujua. Alisubiri nje, pamoja na mlinzi. Mama aliiweka chupa chini ya hadubini. Nyingi zilikuwa zimekufa, zimekunjamana kama zabibu kavu. Lakini kati yake zilikuwepo za mviringo, zinang'aa kama matone ya mafuta kwenye mchuzi. Alizilisha, akazirudisha kwenye joto, akatoka nje akamwambia baba: "Wapo." Mlinzi, ambaye hakujua wanazungumzia nini, aliwapa wote wawili mkono wa hongera.

Bibi alidai hadi mwisho wa uhai wake kwamba ni yeye aliyewaokoa, na hakuna aliyembishia. Mtu akimwuliza ana wajukuu wangapi, alinitaja mimi, kisha alisema, "na wale wa panya."

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri, ingawa wakati ule tuliiona ya kawaida. Kingamwili ya mama ilianza kutakiwa na maabara nyingine, za karibu na za mbali. Aliisafisha, akaitia kwenye vichupa vidogo kama kidole cha mtoto mchanga, na wakati mwingine alikuja na karatasi za lebo nyumbani, tukazikata wote watatu kwenye meza ya baba kwa mkasi wake mzuri ambao kwa kawaida hakuruhusu uguse karatasi. Kila lebo ilikuwa na mstari uleule chini: Kwa utafiti tu, si kwa matibabu. Niliusoma mara nyingi mno bila kuufikiria.

Nilikuja kuufikiria baba alipoanza kukohoa. Mwanzoni tulidhani ni vumbi la vitambaa. Akafunga kitambaa puani, akahamishia meza karibu na dirisha. Kikohozi hakikuondoka. Akaanza kupumzika katikati ya ngazi, kisha katikati ya sentensi, akajichekea mwenyewe kwamba sasa anaongea kama Daktari Polepole. Hospitali wakasema mapafu yake yanakakamaa. Chembe nyeupe zilikuwa zinamiminika mapafuni kana kwamba pana kidonda, na penyewe hapana, na zikifika zinaharibu. Walimpa dawa za kupunguza kasi. Za kuponya hawakuwa nazo.

Bibi alikuja asubuhi moja, akamkuta mama anakunja nguo za baba. Hakuketi.

"Mkwe wangu," akasema, "wewe si ndiye unayetengeneza ile ya chembe nyeupe? Ile inayozikamata pua?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mpe mwanangu."

Mama aliliweka shati chini. "Mama, ile si dawa."

"Umeniambia inazikamata."

"Inazikamata tuzione. Haizizuii. Na imetoka kwa panya, mwili wake ungeikataa, ningemwongezea ugonjwa. Ni ya kuonea tu, mama."

"Miaka yote hii," bibi akasema polepole, "ya kuonea tu?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni na nilimwona mama uso ukibadilika, kama mtu aliyepigwa na mtu ambaye hakukusudia kumpiga. Sidhani kama alikuwa hajawahi kujiuliza swali hilo. Ila lilikuwa halijawahi kutoka kwenye kinywa kingine.

Baba alisikia kutoka chumbani. "Mama," akaita, akapumzika, "hata mimi nina futi ya kupimia. Haijawahi kushona hata kifungo. Lakini jaribu kunichukulia uone." Bibi akaingia kukaa naye, akalia, na baba akambembeleza, yeye mgonjwa.

Jioni ile baba alimwomba mama jambo ambalo hakuwa amewahi kuliomba. Miaka yote hakuwa amevuka lango la taasisi. "Nipeleke nikamwone," alisema. "Nimekaa naye uke wenza miaka mingi, sura yake siijui."

Daktari Polepole, ambaye wakati huo nywele zote zilikuwa zimekuwa nyeupe, alikubali mara moja, na kwa mara ya kwanza sikumsikia akipumzika katikati. Alikuwa anakusanya damu ya wagonjwa wa mapafu kwa utafiti wake, na baba akasema achukue ya kwake pia. Tulimsukuma kwenye kiti cha magurudumu katika ile korido nyekundu. Mama alivaa koti lake jeupe. Alimtoa damu yeye mwenyewe, kidogo tu, akaitayarisha, akaitia kingamwili yenye rangi, akaosha, akangoja. Baba alimtazama akifanya kazi. Alitazama vile vidole vilivyokuwa vinamenya vitunguu vikishika mrija wa pipeti, na nadhani alikuwa anamtazama mtu ambaye hakuwa amekutana naye.

Kisha wakazima taa. Mama alimsogezea hadubini, akamrekebishia kiti.

"Naona giza," baba akasema.

"Subiri macho yazoee."

Alisubiri. Tukamsikia anavuta pumzi, fupi, jinsi alivyoweza.

"Kumbe," akasema.

Nami nilipewa nafasi baadaye. Vilikuwa vimviringo vya kijani, vinawaka pembezoni tu, katikati vyeusi, kama pete nyingi zilizoangushwa kwenye maji usiku. Baba hakutaka kutoka pale. Aliuliza kwa sauti ya chini:

"Na hizi zote ni zangu?"

"Zako."

"Na zote zinakwenda kifuani?"

"Nyingi kati yake," mama akasema.

"Zimekosea nyumba tu," baba akasema. "Lakini zinapendeza. Sikujua kama nina vitu vizuri hivi." Kisha, jicho bado kwenye hadubini: "Mke wangu, umefanya kazi nzuri."

Mama alibaki amesimama nyuma ya kiti chake, mikono juu ya mabega yake, na hakuna aliyewasha taa kwa muda mrefu.

Baba alifariki kabla ya mvua kuanza. Nyumba ilijaa watu, kisha ikabaki sisi wawili, na cherehani iliyofunikwa shuka. Mapema mno, kwa maoni ya ndugu, mama alivaa viatu akachukua mkoba wake.

"Hata leo?" nilimuuliza.

"Wana njaa," alisema.

Alipochelewa kurudi nilimfuata. Mlinzi alinijua, akanipitisha. Nilimkuta kwenye chumba cha kabati la joto, ameketi kwenye stuli ndogo, mgongo ameuegemeza kwenye mlango wa kabati kama mtu anayeota moto, analia kwa sauti. Nyumbani hakuwa amelia mbele ya yeyote. Nikavuta stuli nyingine nikaegemea kando yake. Mlango ulikuwa na uvuguvugu, na ndani palikuwa na mlio mdogo wa feni. Tulikaa hivyo mpaka akamaliza, akanawa uso kwenye sinki, akasema twende tukatafute kitu cha kula.

Aliendelea kulisha miaka mingi baada ya hapo. Daktari Polepole alistaafu akaja mwingine, kijana, mwenye haraka na heshima zake, naye alimpenda mama. Ni huyo aliyemweleza siku moja kwamba maagizo ya kuitengeneza kingamwili yake, yaliyomo ndani ya chembe zenyewe, yamesomwa yote, herufi kwa herufi, na kwamba sasa inaweza kutengenezwa na chembe nyingine za kawaida zilizopewa maagizo hayo, ndani ya mtambo, bila panya na bila wasiwasi wa umeme. Kila chupa ingefanana na nyingine. Mama alimuuliza maswali mawili matatu, akaridhika, akasema ni vizuri. Siku aliyostaafu aligandisha zile za mwisho, akazishusha kwenye pipa la nitrojeni, moshi mweupe ukamfunika mikono. Wenzake walimfanyia karamu ndogo kwenye korido, wakampa saa ya ukutani na seti ya vikombe. Aliporudi alilala hadi mchana wa siku ya pili, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Bibi alikuwa amekwisha kutangulia. Duka la baba tulilipangisha kwa msusi, mwanamke mchangamfu aliyejaza chumba vioo na muziki, na mama alizoea kuketi naye mchana wakipiga soga. Alipunguza uzito, akaongeza maneno. Watoto wangu walimjua kama bibi anayejua kutengeneza maandazi makubwa, basi.

Mwaka jana taasisi ilifungua milango kwa wananchi. Jengo la zamani lilikuwa limebomolewa, mahali pake pana ghorofa za vioo na lifti. Nilimpeleka. Alivaa gauni la kutokea, la mwisho aliloshonewa na baba, ambalo kiunoni lilikuwa limekuwa kubwa. Hakuna aliyemfahamu. Hata mlinzi alikuwa mwingine. Tukafuata watu hadi chumba cha ghorofa ya juu, ambako binti mmoja mwenye koti jeupe alikuwa anaonyesha wageni picha kwenye kioo kikubwa cha kompyuta. Zilikuwa pete za kijani.

"Karibu, mama," binti akamwambia. "Unaona hizi? Hizi ni chembe nyeupe za damu. Zina kitu nje yake tunakiita kipokezi. Ni kama antena ya redio, inapokea wito kutoka mahali penye ugonjwa. Na sisi tuna kingamwili inayokishika kipokezi hicho peke yake, ndiyo hii inayong'aa."

Nilifungua mdomo. Mama alinibana mkono, si kwa nguvu, nikaufunga.

"Antena," mama akasema. "Nimeelewa. Na hiyo kingamwili mnaipata wapi?"

"Inatengenezwa kwenye mtambo, mama. Ni ya zamani kidogo, lakini hakuna inayoizidi."

"Kwa hiyo hakuna wa kulisha."

Binti akatabasamu, hakujua swali limetoka wapi. "Hapana, mama. Siku hizi mtambo unajilisha wenyewe. Sisi siku za mapumziko tunalala."

"Hiyo nzuri," mama akasema. "Laleni." Akaitazama ile picha tena, akainamia kioo mpaka pua ikakaribia kugusa, na binti wa watu akamwachia nafasi, akawaambia wageni waliokuwa nyuma wasubiri kidogo, mama bado anaangalia.

Nje nilimuuliza kwa nini hakutaka niseme.

"Ungesema nini? Mtoto yule ameeleza vizuri. Antena. Mimi nilikuchomea kitunguu." Akaurekebisha mkanda wa gauni lake. "Twende kwa miguu. Nataka kuona wamejenga nini upande ule."

Tukashika barabara ya hospitali, yeye mbele kidogo, akiniuliza kila jengo jipya ni la nani.